Je, Wajua? Mkweche Wako Huenda Bado Una Safari ya Mwezini

Karibu benchi, sogea hapa. Fundi amekwambia injini inataka kufumuliwa, shemeji anakwambia uza ununue jingine, na wewe umeshika kichwa hujui umsikilize nani? Usimjibu mtu yeyote kwanza. Kula haya.

Je, wajua kwamba gari moja, la mtu mmoja, limewahi kutembea zaidi ya kilomita milioni 5? Ni Volvo P1800S nyekundu aliyoinunua Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa jimbo la New York, mwaka 1966. Saa 48 za kwanza tu alishaitembeza maili 1,500, yaani kilomita 2,400! Septemba 2013, huko Alaska, mita ikagonga maili milioni 3, na alipofariki mwaka 2018 ilikuwa imeshapita maili milioni 3.2.

Hebu kokotoa nami. Kutoka duniani hadi mwezini ni wastani wa kilomita 384,400. Volvo ile ingekwenda na kurudi mara 6, halafu ikabakiwa na kilomita za kutosha kwenda tena. Na injini yake, usidondoke kwenye benchi, ilifumuliwa kwa mara ya kwanza ikiwa na maili 680,000, ambazo ni zaidi ya kilomita milioni moja.

Unauliza alitumia dawa gani? Oili kwa wakati, na kufuata kitabu cha gari. Ndiyo, kile kitabu ambacho cha kwako kimeandikwa Kijapani na kimelala kwenye droo tangu gari lishuke melini.

Au unadhani Gordon alibahatika peke yake? Huko Thessaloniki, Ugiriki, dereva wa teksi Gregorios Sachinidis alinunua Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 ikiwa tayari mtumba. Akapiga nayo kazi hadi kilomita milioni 4.6. Mwaka 2004 aliikabidhi kwa wenyewe Mercedes, wakaiweka makumbusho!

Alibadilisha injini njiani, tena si mara moja. Sasa je, hilo lilikuwa gari lilelile au jingine? Swali hilo waachie Wagiriki wenyewe: habari za merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine aliziandika Plutarch karibu miaka 1,900 iliyopita, na mabishano hayajaisha.

Kuna na huyu. Allen Swift wa Marekani alipata Rolls-Royce yake mwaka 1928 na akaendelea kuwa nayo miaka 77. Alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 102, gari bado lake. Wewe la kwako lina mingapi, kumi na tano? Mtoto huyo.

Je, wajua kwamba rais wa nchi amewahi kukataa kuuza mkweche kwa dola milioni moja? José Mujica, aliyeongoza Uruguay kuanzia 2010 hadi 2015, alikuwa na Volkswagen ya mgongo wa kobe ya mwaka 1987, ya rangi ya samawati. Mwaka 2010 alipotangaza mali zake, alitaja karibu dola 1,800, yaani thamani ya kigari hichohicho! Mwaka 2014 akasema shehe mmoja wa Kiarabu amempa ofa ya milioni moja. Hakuuza.

Tuingie chini ya boneti sasa. Toyota wenyewe wanasema gari moja lina vipande kama 30,000, ukihesabu hadi skrubu ya mwisho. Kwa hiyo fundi akikwambia gari limekufa, muulize kwa adabu: kipande gani kati ya hivyo elfu thelathini?

Na wajua moto unaowaka ndani ya silinda unafika joto gani? Unapita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Pistoni inayogongwa na moto huo imetengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 tu! Kinachoiokoa ni oili na maji ya rejeta yanayozunguka bila kupumzika. Ndiyo maana injini ikichemsha mara moja tu inaweza kukupindia silinda hedi, na bili ikatoka kwenye lita chache za kipoza injini ikawa ya ovaholi nzima. Mpira mmoja wa rejeta uliopasuka unaweza kuua injini kabla ya uzee.

Ukienda mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa wa barabara kuu, kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Sekunde, si dakika! Kwenye injini ya silinda nne, plagi zote kwa pamoja zinatoa cheche 100 ndani ya sekunde hiyohiyo. Endesha saa moja tu na injini imezunguka mara 180,000. Umechoka kusikiliza? Yenyewe haijachoka.

Sasa hapa sikiliza kwa makini, maana ndipo pesa zinapokwendea. Injini nyingi zina mkanda wa taimingi wa mpira, na kwenye gari nyingi za Kijapani unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika kwenye injini ambayo valvu na pistoni zinapishana padogo, valvu zinapinda papo hapo. Mpira mmoja, na umehama kutoka kwenye matengenezo ya siku moja hadi kwenye swali la kununua gari jingine. Injini nyingine nyingi zina cheni badala ya mkanda. Ya kwako ina kipi? Ona, hujui! Muulize fundi leo.

Je, wajua kinachoua betri zaidi ni joto, wala si baridi? Wazungu wanalalamika gari haliwaki asubuhi ya theluji, lakini uharibifu wenyewe ulishafanyika wakati wa kiangazi. Wewe unayeegesha juani Mombasa au Dar es Salaam mwaka mzima, usimlaumu aliyekuuzia betri kabla hujatafuta kivuli.

Haya, tufungue pochi. Gari jipya kabisa la kiwandani hukadiriwa kupoteza kama asilimia 20 ya thamani yake ndani ya mwaka wa kwanza. Tuseme umelinunua kwa shilingi milioni 60. Milioni 12 zimeyeyuka ndani ya miezi 12! Igawe hiyo kwa siku 365: karibu shilingi 33,000 kila siku, hata siku ambayo gari limelala nyumbani na wewe umepanda daladala.

Wakati huohuo mkweche wako haupotezi karibu chochote, kwa sababu ulishapoteza kila kitu zamani. Fundi akikutajia milioni 2.4 za kufumua injini, roho inaruka. Lakini igawe kwa miezi 24 utakayoendesha baada ya hapo: shilingi laki moja kwa mwezi. Nitajie benki itakayokukopesha gari kwa laki moja kwa mwezi nami nije tupange foleni wote.

Kuna kipimo kinachotajwa sana: matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, achana nalo. Kinasikika kizuri, eti? Mimi nakishuku. Gari likiwa na thamani ya milioni 4, nusu yake ni milioni 2. Sasa hizo milioni 2 zitakununulia nini huko nje? Mkweche wa mtu mwingine, wenye maradhi usiyoyajua! Wa kwako angalau kikohozi chake unakifahamu, na unajua gea ipi ina kiburi asubuhi. Nusu ya thamani ni kipimo cha magari yenye thamani. Kwa haya yetu, uliza tu: pesa hizi zitaninunulia miezi mingapi ya kutosimama barabarani?

Na usidhani mikweche iko kwetu peke yetu. Mwaka 2024 wastani wa umri wa magari yaliyokuwa barabarani Marekani ulifika miaka 12.6. Wastani, yaani yapo mengi zaidi ya hapo. Nchi tajiri hiyo!

Je, wajua gari chakavu linaweza kupanda bei? Juni 2021, viwanda vilipokosa vichipu vya kompyuta vya kufungia kwenye magari mapya, bei ya magari yaliyotumika Marekani ilikuwa juu kwa asilimia 45 kuliko Juni ya mwaka uliotangulia. Waliokuwa wamekataa kuuza walichekelea hadi meno ya nyuma.

Ujerumani Mashariki ya zamani walishalizoea hilo. Kigari chao kiliitwa Trabant, bodi yake ikichanganywa pamba na gundi ya kiwandani, na foleni ya kupata kipya ilipita miaka 10. Matokeo? Trabant iliyotumika iliuzwa ghali kuliko mpya, kwa sababu hiyo unaiendesha leo!

Kuba nao ndio mabingwa. Inakadiriwa magari 60,000 ya Kimarekani ya kabla ya mapinduzi ya 1959 bado yanatembea kisiwani, mengine yakiwa na injini za Kirusi ndani ya bodi za Chevrolet. Januari 2014 serikali iliporuhusu watu kununua magari mapya bila kibali, Peugeot 508 iliwekwa sokoni kwa dola 262,000. Mshahara wa wastani wa serikali ulikuwa kama dola 20 kwa mwezi. Piga hesabu: mfanyakazi asiyekula, asiyelipa kodi ya nyumba, angeimaliza kuilipia baada ya miaka zaidi ya 1,000. Ungekuwa wewe, si ungemrudia fundi wako kwa magoti?

Singapuri wao hawakuachii hata nafasi ya kufikiri. Cheti cha kukuruhusu kumiliki gari kinadumu miaka 10 tu. Kikiisha, unalipia upya au gari linafutwa. Oktoba 2023 cheti cha magari makubwa kilifika dola za Singapuri 150,001, ambazo ni zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Hiyo ni bei ya karatasi. Gari hujalinunua bado!

Na Japani? Huko gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi wenyewe una gharama nzito. Likifika miaka 13, gari la petroli linapandishiwa kodi ya mwaka. Mjapani anapiga hesabu, anaona heri aliuze, na wewe unalipokea bandarini ukilipa jina la "gari jipya". Yeye amekimbia kulitengeneza, wewe umeshangilia.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Uganda, tangu 2018, inafunga mlango kwenye miaka 15. Tanzania inakuachia upite, ila kodi ya uchakavu itakukumbusha umri wa gari lako kwa sauti. Afrika Kusini wao kwa kawaida hawataki kabisa mtumba wa kuuzwa nchini, wa umri wowote.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yakitoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018. Asilimia 80 yalikwenda kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Dunia nzima inauliza "nitengeneze au nibadilishe?", wenzetu wanajibu "nibadilishe", na lile la kutengeneza linakuja kwetu kwa meli.

Ukiamua kubadilisha, basi, haya yakusaidie usiuziwe kelele. Je, wajua kwamba namba ya gari haikwambii umri wake? Mtanzania anaringia "namba E", Mkenya anaringia KDA na kuendelea, lakini herufi hizo zinasema gari liliandikishwa lini nchini, si lilitoka lini kiwandani. Gari la namba mpya linaweza kuwa babu wa gari la namba ya zamani lililoegeshwa pembeni yake!

Tairi lakini halina siri. Litazame ubavuni, tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Inuka ukatazame ya kwako, nakusubiri. Hata kashata zikiwa nzima, Michelin wanashauri tairi likifika miaka 10 liondoke.

Mita ya kilomita nayo inadanganya. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria magari zaidi ya 450,000 huuzwa huko kila mwaka yakiwa na mita zilizorudishwa nyuma. Ndiyo maana mnunuzi mjanja haangalii mita. Anaangalia pedali ya breki. Gari la kilomita 60,000 lenye pedali iliyolika hadi chuma, hilo limesafiri na nani?

Turudi kwa wale wa kutengeneza. Je, wajua ni nini hasa kinachomaliza gari? Injini unaweza kununua ya mtumba ukafunga kwa siku chache. Gea boksi hivyohivyo. Kutu ya chesisi ndiyo jambazi. Mwenye gari wa Tanga, Zanzibar au Lamu anapigwa na chumvi ya upepo wa bahari, wakati mwenzake wa Dodoma anapumua. Na usidhani la Japani liko salama: kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hupanda hadi uvunguni. Rangi inameta juu, chini ni biskuti. Lala chali ukague kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa nini basi Landrova za babu bado zinatembea vijijini? Zilipozaliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aina ya aluminiamu. Aluminiamu haili kutu kama chuma! Shida ya vita ikageuka bahati ya wafugaji wa Monduli. Chesisi yake, hata hivyo, ni chuma. Hapo hakuna muujiza.

Toyota Land Cruiser 70 ilianza kutengenezwa 1984 na hadi leo bado inatoka kiwandani. Wahindi waliwazidi: Hindustan Ambassador, iliyochukua sura ya Morris Oxford ya Kiingereza, ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 2014. Zaidi ya miaka 50 sura ileile. Ukiwa na gari la namna hiyo, kutafuta spea si adhabu.

Na sisi tulikuwa na letu. Peugeot 504 iliunganishwa Kenya kwa miaka na miaka, na kule Nigeria iliendelea hadi 2006, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuisahau. Mwaka 1975 ilishinda Safari Rally. Kaka yake, 404, alishaishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Na mbili za katikati aliendesha Bert Shankland, mtu wa Tanzania!

Lakini shika hili, ni tamu kuliko yote. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi magari mwenyewe, alishinda Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544. Gari lilikuwa jipya? Thubutu! Ni gari ambalo timu ya kiwanda ililileta kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, likachakazwa na kuachwa huku. Mikono ya fundi ikalirudisha, na likayapita magari mapya ya viwanda kwa zaidi ya saa moja na nusu. Mtumba! Tangu nilipoisikia habari hiyo sijaweza kumcheka mtu mwenye gari lililopigwa.

Msuedi Björn Waldegård alishinda Safari Rally mwaka 1977. Mwaka 2011, akikaribia miaka 70, alishinda Safari ya magari ya kale katika Porsche 911, mwanawe Mathias akiwa msomaji ramani. Miaka 34 baadaye, mzee na gari la kizee.

Sasa nikuume sikio, maana sitaki uondoke hapa ukidhani kila mkweche ni wa kutunza. Mwaka 2017 shirika la kupima usalama wa magari la Australia na New Zealand, ANCAP, lilichukua Corolla ya 1998 na Corolla ya 2015, likazigonganisha uso kwa uso kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Ile mpya ilipata alama 12.93 kati ya 16. Ile ya zamani? Alama 0.40! Sifuri na vipande. Corolla ya umri huo umeiona leo barabarani, usikatae. Huenda umeipanda.

Shirika hilohilo lilionyesha kwamba Australia magari ya mwaka 2000 kurudi nyuma yalikuwa asilimia 20 tu ya magari yote, lakini yalihusika katika asilimia 36 ya ajali za vifo. Hapo fundi wako hana dawa. Anaweza kufunga pistoni mpya. Hawezi kukufungia eneo la mbele linalokunjika kwa hesabu ili wewe usikunjike.

Na wale wanaosema magari ya zamani yalikuwa chuma kweli? Wamarekani walilimaliza hilo mwaka 2009: Chevrolet Bel Air ya 1959, chuma kitupu, dhidi ya Chevrolet Malibu ya 2009. Mwanasesere wa Malibu alionekana angeumia mguu kidogo. Wa Bel Air angekufa. Chuma hicho cha kusifiwa kilimkunjikia dereva hukohuko ndani.

Eabegi nazo zina umri. Je, wajua kwamba urejeshaji mkubwa kuliko wote katika historia ya magari ulikuwa wa eabegi za kampuni ya Takata ya Japani, karibu milioni 100 duniani? Baruti yake iliharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu, kisha ikalipuka kwa nguvu hadi kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevunyevu: nitajie mji wetu wa pwani usiokuwa navyo! Kama gari lako ni la Kijapani la miaka ya 2000 hadi 2015 hivi, namba ya chesisi inatosha kuangalia kwenye tovuti ya kiwanda. Ni dakika moja, na ni bure. Tafadhali fanya hilo kabla hujafikiria kupiga rangi.

Nani alisema njia ni mbili tu, kutengeneza au kubadilisha? Dar es Salaam magari ya petroli yanafungwa mitungi na kuendeshwa kwa gesi asilia, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa wanaoifunga mifumo hiyo. Nairobi, kampuni iliyoanza kwa jina la Opibus mwaka 2017 ilitoa injini za dizeli kwenye magari ya utalii na kuweka mota za umeme. Bodi ya zamani, tumbo jipya. Simba hawasikii tena gari linakuja!

Serikali nyingine zimeamua kwa niaba ya raia. Kiangazi cha 2009 Marekani iliwapa watu hadi dola 4,500 kila mmoja wasalimishe magari yanayokunywa mafuta na kununua mapya. Zaidi ya magari 670,000 yalisalimishwa kwa wiki chache. Ili yasirudi barabarani, injini zake ziliuliwa makusudi: oili ilimwagwa, ikatiwa dawa ya maji iitwayo sodiamu silikati, injini ikawashwa. Dakika chache na ikakwama milele. Fundi wa Gerezani, pale Dar es Salaam, akiona video ile anaweza kulia.

Haya, tuseme la kwako nalo limefika mwisho kweli. Chesisi imeoza, eabegi hamna, umeridhika. Je, wajua unachopeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu? Betri yake ni risasi ambayo karibu yote hurudi kiwandani: Marekani, betri 99 kati ya 100 za aina hiyo hurejelezwa. Mlango ambao kwako ni kutu ni spea adimu kwa mwenye gari kama lako mtaa wa pili.

Na chini kabisa, kwenye bomba la moshi, kuna kile kifaa ambacho mafundi wanakiita masega, cha kusafisha moshi. Ndani yake mna chembechembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Machi 2021 aunsi moja ya rodiamu ilikaribia dola 30,000, zaidi ya mara 15 ya bei ya dhahabu siku hizo! Kwa hiyo yule kijana anayekuja na mizani na kukwambia "chuma ni chuma tu mzee, tupime kwa kilo", mwambie asubiri. Kisha ingia uvunguni mwenyewe na tochi uangalie kama masega yako bado yapo, au yalishashuka siku ile uliyoacha gari gereji ukaenda kunywa chai.